Jinsi wanahabari walivyoripoti uchaguzi wa Marekani huku benki zikiporomoka

SIKU 50 kabla ya Wamarekani kupiga kura mwaka wa 2008, benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers iliwasilisha mahakamani jijini New York ombi la kutangazwa kuwa imefilisika. Ilikuwa Jumatatu, Septemba 15. Benki hiyo iliyodumu kwa miaka 158 ilikuwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 600, na hadi leo hakuna kampuni nyingine iliyofilisika nchini humo ikiwa na mali nyingi kuishinda.

Siku hiyo hiyo mwaniaji wa chama cha Republican, Seneta John McCain, alikuwa Jacksonville, Florida, akihutubia wafuasi wake. Aliwaambia kwamba ijapokuwa nyakati zilikuwa ngumu, misingi ya uchumi wa Marekani ilikuwa thabiti. Kabla ya jua kutua, maneno hayo yalikuwa yamerudiwa katika runinga zote kubwa, na mpinzani wake wa Democratic, Seneta Barack Obama, alikuwa amekwisha kuyatumia jukwaani akiuliza McCain alikuwa akizungumzia uchumi upi.

Kwa majuma saba yaliyofuata, vyombo vya habari vya Marekani vililazimika kusimulia mambo mawili makubwa kwa wakati mmoja: kinyang'anyiro cha urais na msukosuko wa kifedha uliokuwa mbaya zaidi tangu ule wa miaka ya 1930. Kwa sehemu kubwa, vilichofanya ni kuyaunganisha mambo hayo mawili yakawa moja. Msukosuko uligeuzwa kuwa mtihani wa tabia za wawaniaji: nani mtulivu, nani ana papara, nani anapanda na nani anashuka. Swali la pesa zenyewe, yaani zingetoka wapi, zingemwendea nani na kwa masharti gani, lilisukumwa pembeni.

Dalili za mwelekeo huo zilionekana hata kabla ya Lehman kuanguka. Jumapili, Septemba 7, serikali ya Marekani ilichukua usimamizi wa Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika mawili yaliyomiliki au kudhamini karibu nusu ya mikopo yote ya nyumba nchini humo. Hiyo ilikuwa habari nzito kupita kiasi. Lakini siku mbili baadaye Obama, akiwa Virginia, alitumia msemo wa Kimarekani kwamba hata ukimpaka nguruwe rangi ya mdomo, atabaki kuwa nguruwe. Alikuwa akikejeli madai ya McCain kwamba angeleta mabadiliko. Kambi ya McCain ilidai kuwa aliyelengwa ni mgombea mwenza, Gavana Sarah Palin, ambaye alikuwa amefanya mzaha kuhusu rangi ya mdomo katika mkutano mkuu wa chama.

Siku kadhaa za matangazo na safu za magazeti ziliishia kwa nguruwe huyo. Mashirika mawili yenye kubeba nyumba za mamilioni ya watu yalikuwa yameanguka mikononi mwa mlipa ushuru, na wachanganuzi wa runinga walikuwa wakijadili iwapo mtu fulani amemtusi mwenzake.

Haya hayakutokea kwa sababu wanahabari hao walikuwa wajinga. Vyumba vya habari vina mazoea yake, na zoea lililokita mizizi zaidi wakati wa uchaguzi ni lile la kuripoti kampeni kama mashindano ya mbio. Mbio zina mshindi kila siku, zina takwimu mpya za kura ya maoni kila asubuhi, na hazimtaki mwandishi ajue tofauti kati ya hisa na dhamana. Kikundi cha utafiti wa uanahabari kilichokuwa chini ya kituo cha Pew kilichunguza habari 2,412 za vyombo 48 zilizotolewa tangu mikutano mikuu ya vyama hadi mdahalo wa mwisho. Zaidi ya nusu, asilimia 53, zilihusu mbinu za kisiasa na kura za maoni. Zilizohusu sera zilikuwa asilimia 20.

Utafiti huo, uliotolewa Oktoba 2008, ulikumbukwa zaidi kwa takwimu nyingine. Miongoni mwa habari zilizomhusu McCain, asilimia 57 zilikuwa na sura mbaya na 14 pekee zilikuwa nzuri. Kwa Obama, asilimia 36 zilikuwa nzuri na 29 mbaya. Wafuasi wa Republican waliona hapo ushahidi wa upendeleo waliokuwa wakiulalamikia kwa miaka mingi.

Maelezo ya watafiti yenyewe yalikuwa na utata kidogo. Mwanzoni mwa Septemba, kura za maoni zilimwonyesha McCain akiwa mbele kidogo, na habari zake hazikuwa mbaya. Ziligeuka baada ya Lehman kuanguka na baada ya jinsi alivyolipokea tukio hilo. Anayeongoza katika kura za maoni husimuliwa kama mtu mwenye mikakati mizuri, na anayebaki nyuma huchunguzwa makosa yake. Masimulizi hayo nayo huathiri kura za maoni zinazofuata. Mwandishi akiripoti mbio, lazima aliye nyuma aonekane amekosea mahali. Huo ni upendeleo pia, lakini hauna chama.

Kilele cha mambo haya kilikuwa Jumatano, Septemba 24. McCain alitangaza kwamba anasimamisha kampeni yake ili arudi Washington kusaidia kutafuta suluhu, na akataka mdahalo wa kwanza, uliopangiwa Ijumaa jijini Oxford, Mississippi, uahirishwe. Vilevile alivunja miadi na mtangazaji wa vichekesho David Letterman. Letterman, akiwa katikati ya kurekodi kipindi chake, aliambiwa kuwa mgeni wake yuko katika studio nyingine ya kituo hicho hicho cha CBS akijiandaa kwa mahojiano na Katie Couric. Aliwaonyesha watazamaji picha za McCain akipakwa poda, na kicheko hicho kikasambaa nchi nzima.

Jioni hiyo Rais George W. Bush alilihutubia taifa akionya kuhusu hatari ya uchumi kuporomoka. Kesho yake aliwaita wawaniaji wote wawili katika Ikulu ya White House. Mkutano uliishia kwa mabishano, na McCain aliyekatiza kampeni kwa ajili yake alisema machache. Ijumaa alijitokeza katika mdahalo kama kawaida.

Msomaji aliyefuata habari za juma hilo alijua kila hatua ya McCain na kila dakika ya utulivu wa Obama. Ni vigumu kusema kwamba alijua kilichokuwa kikijadiliwa. Mpango wa Waziri wa Fedha Henry Paulson ulikuwa umewasilishwa kwa mara ya kwanza ukiwa na kurasa tatu tu. Ulimpa waziri mamlaka ya kutumia dola bilioni 700 kununua mikopo mibovu kutoka kwa benki, na ulisema maamuzi yake hayangeweza kupingwa mahakamani. Ulipopitishwa ulikuwa na zaidi ya kurasa 400.

Katika mdahalo wa Oxford, mwendeshaji Jim Lehrer alijaribu. Mada ya usiku huo ilikuwa sera za kigeni, lakini alianza na uchumi. Aliwauliza wawaniaji iwapo wanauunga mkono mpango huo, na ahadi zipi za kampeni wangeziacha kwa sababu ya gharama yake. Aliuliza, akarudia, akarudia tena. Wote wawili walimkwepa. Magazeti ya kesho yake yalishughulika na kura za kubaini aliyeshinda mdahalo, na kukwepa huko hakukupewa uzito uliostahili.

Septemba 29, Bunge la Waakilishi liliukataa mpango huo kwa kura 228 dhidi ya 205. Kipimo cha Dow Jones katika Soko la Hisa la New York kilishuka kwa alama 777, anguko ambalo halikuwa limewahi kuonekana kwa siku moja kwa hesabu ya alama. Siku mbili baadaye Seneti iliupitisha mswada uliofanyiwa marekebisho. Obama alipiga kura ya ndiyo. McCain alipiga kura ya ndiyo. Bunge la Waakilishi lilifuata Oktoba 3, na Bush akautia saini siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Katika uamuzi mkubwa kuliko wote wa kampeni hiyo, wawaniaji wawili walikubaliana. Zoea la wanahabari la kusawazisha habari humtaka mwandishi achukue kauli ya upande huu na kauli ya upande ule. Pande zote zikikubaliana, anabaki hana mashindano ya kuripoti, na mwandishi wa kampeni hugeukia jambo jingine. Na si kwamba wapinzani hawakuwapo. Miongoni mwa wabunge 228 waliosema la mnamo Septemba 29, 133 walikuwa wa Republican na 95 wa Democratic. Hao wa kulia waliona serikali ikijitwalia soko. Wa kushoto waliona matajiri wakilipiwa madeni huku mwenye nyumba ndogo akifukuzwa kwake. Hoja zote mbili zilikosa mwaniaji wa kuzibeba, na kwa hiyo zilikosa nafasi.

Hata lugha iliamua mengi. Serikali ilipenda neno lenye maana ya kunusuru. Wapinzani walitumia neno linaloashiria kumkomboa mtu aliyejitakia. Katika Septemba hiyo hiyo, kituo cha Pew kiliwauliza watu kama wanaunga mkono kuwekeza mabilioni ili kuyalinda masoko na taasisi za fedha, na asilimia 57 wakakubali. Gazeti la Los Angeles Times na shirika la Bloomberg ziliuliza kama pesa za walipa ushuru zitumike kuokoa kampuni za watu binafsi, na asilimia 55 wakakataa. Mpango ulikuwa ule ule mmoja. Mhariri aliyechagua neno la kichwa cha habari alikuwa tayari amempigia msomaji nusu ya kura.

Oktoba 14 yalitokea mabadiliko makubwa zaidi. Serikali ilitangaza kwamba, badala ya kununua mikopo mibovu kama Bunge lilivyoelezwa, ingetumia dola bilioni 250 kununua hisa katika benki zenyewe. Nusu ya pesa hizo ingeziendea benki tisa kubwa. Serikali ya chama kinachohubiri soko huria ilikuwa inakuwa mwenye hisa katika benki za Wall Street.

Kesho yake ulikuwa mdahalo wa mwisho, jijini Hempstead, New York. Nyota wa usiku huo hakuwa benki. Alikuwa mwanamume wa Ohio, fundi wa mabomba ya maji, ambaye siku chache awali alikuwa amemsimamisha Obama barabarani kumwuliza kuhusu ushuru. McCain na Obama walimtaja zaidi ya mara 20. Baada ya mdahalo, waandishi walipiga kambi nje ya nyumba yake, wakachunguza leseni yake ya kazi na deni lake la ushuru. Ukaguzi kama huo ungewafaa sana wakuu wa zile benki tisa.

Ni haki pia kutaja ugumu uliowakabili wahariri. Habari za benki si kama habari nyingine, kwa kuwa kuziripoti kunaweza kuzitimiza. Septemba 13, 2007, mwandishi Robert Peston wa BBC aliripoti kuwa benki ya Northern Rock ya Uingereza imeomba msaada wa dharura kutoka Benki Kuu. Asubuhi iliyofuata wateja walipanga foleni ndefu nje ya matawi kutoa akiba zao. Wakenya wanaifahamu hali hiyo. Aprili 2016, Chase Bank iliwekwa chini ya mrasimu baada ya wenye akaunti kukimbilia pesa zao, uvumi wa mitandao ya kijamii ukichochea moto. Mhariri mwenye taarifa ya kweli kuhusu benki inayoyumba hubeba mzigo ambao mwandishi wa siasa haujui.

Lakini tahadhari hiyo haielezi ukimya wote. Kwa miaka mingi kabla ya 2008, runinga za biashara zilikuwa karibu mno na watu zilizopaswa kuwachunguza. Machi 11, 2008, Jim Cramer wa CNBC alimwambia mtazamaji kwa sauti ya juu kwamba benki ya Bear Stearns iko salama. Siku tano baadaye iliuzwa kwa JPMorgan kwa bei ya awali ya dola 2 kwa hisa. Cramer alijitetea kuwa alizungumzia akaunti za wateja, wala si hisa. Mwaka uliofuata mchekeshaji Jon Stewart alimhoji kuhusu uanahabari wa aina hiyo kwa ukali ambao hakuna kituo cha biashara kilikuwa kimeuonyesha.

Kulikuwapo walioifanya kazi vyema. Mei 2008 kipindi cha redio cha This American Life, kwa ushirikiano na shirika la NPR, kilitumia saa nzima kueleza jinsi mtu asiye na kipato alivyoweza kupewa mkopo wa nyumba, na jinsi mkopo huo ulivyouzwa kutoka mkono hadi mkono mpaka ukawafikia wawekezaji wasiomjua. Kipindi hicho kilieleweka hata kwa asiyekuwa na elimu ya uchumi. Kilionyesha kwamba jambo hilo liliwezekana.

Vyombo vyenyewe navyo vilikuwa vikizama. Matangazo ya nyumba, magari na kazi, yaliyokuwa uti wa mgongo wa magazeti ya Marekani, yalikuwa yakikauka. Wiki moja kabla ya kura, Christian Science Monitor ilitangaza kuwa ingeacha kuchapisha toleo la kila siku. Kampuni ya Tribune, mmiliki wa Chicago Tribune na Los Angeles Times, ilifilisika Desemba 8, 2008. Rocky Mountain News la Denver lilifungwa Februari 2009. Waandishi waliokuwa wakiandika kuhusu watu waliopoteza kazi walikuwa wakihofia zao. Wakati huo huo Obama, aliyekataa pesa za umma za kampeni na kuchangisha zake, alikuwa na uwezo wa kununua nusu saa katika vituo kadhaa vikubwa usiku wa Oktoba 29. Watu zaidi ya milioni 33 walitazama, bila mwanahabari yeyote wa kumwuliza swali.

Nchini Kenya, msukosuko huo ulisomwa kwa jicho jingine. Wanahabari wa ndani na wa ng'ambo walifurika Kogelo, kaunti ya sasa ya Siaya, alikolelewa babake Obama, na nyanyake wa kambo, Mama Sarah Obama, akawa mtu wa kuhojiwa kila siku. Oktoba 7, mwandishi wa Marekani Jerome Corsi, aliyekuwa amechapisha kitabu cha kumshambulia Obama, alizuiliwa jijini Nairobi na kufukuzwa nchini kwa sababu zilizotajwa kuwa za uhamiaji. Ushindi ulipotangazwa, Rais Mwai Kibaki aliifanya Novemba 6 kuwa sikukuu ya taifa.

Shangwe hiyo inaeleweka. Miezi kumi tu awali, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ya Kenya ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja huku nchi ikiwaka moto. Kuona runinga za Marekani zikimtangaza mshindi saa moja asubuhi ya Novemba 5, saa za Kenya, bila kungoja tume yoyote na bila mtu kuzizima, lilikuwa jambo la kushangaza kwa wengi.

Lakini habari iliyogusa mifuko ya Wakenya haikuwa ya Kogelo. Hisa za Safaricom, ambazo mamia ya maelfu ya wananchi walizinunua kwa shilingi 5, wengine kwa mkopo, zilikuwa zimeshuka chini ya bei hiyo kabla ya mwaka kuisha, wawekezaji wa kigeni walipokuwa wakitoa pesa zao. Pesa zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio ng'ambo, zilizokuwa zikiongezeka kwa kasi, zilifikia dola milioni 611 mwaka wa 2008 na kukwama kwenye milioni 609 mwaka wa 2009. Mama aliyengoja karo ya mwanawe kutoka Marekani alikuwa na sababu ya kutaka kujua Lehman ni nini. Gazetini alikutana na kijiji cha Kogelo kwanza, na Lehman katika kurasa za ndani.

Novemba 4, Obama alipata kura 365 za wajumbe dhidi ya 173 za McCain. Asilimia 63 ya wapiga kura waliohojiwa walipotoka vituoni walisema uchumi ndio suala lililowashughulisha zaidi. Walikuwa wamepiga kura kuhusu jambo ambalo kampeni ilikuwa imelieleza kwa uchache mno.

Siku tatu baadaye, Bloomberg iliishtaki Benki Kuu ya Marekani ikitaka itaje benki zilizopewa mikopo ya dharura, mbali na zile dola bilioni 700, na dhamana zilizoweka. Kesi hiyo ilitokana na uchunguzi wa mwandishi Mark Pittman. Benki Kuu ilipinga mahakamani. Pittman alifariki Novemba 2009. Orodha ilitolewa Machi 31, 2011, Obama akiwa katika mwaka wake wa tatu Ikulu, na miongoni mwa waliokopeshwa kulikuwa na benki za kigeni, ikiwamo Dexia ya Ubelgiji na Ufaransa, na benki moja ya Bahrain ambayo Benki Kuu ya Libya ilikuwa na hisa ndani yake.